Nyumba ya miti: fedha iende wapi?



Mavuno yamekwisha. Ufuta umeuzwa. Mahindi ya kula yamewekwa, na ya kuuza yameuzwa. Katika nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi kuna fedha kidogo wakati huu. Fedha hiyo haikai. Shule zikifunguliwa Januari itakuwa imekwisha.

Watu wengi hutaka kuitumia kutengeneza nyumba. Ni jambo jema. Lakini watengeneze sehemu gani? Mmoja anataka lipu. Mwingine anataka bati. Wa tatu ameona nyumba ya rangi pale mjini, naye anataka rangi.

Leo tunazungumza juu ya nyumba ya miti na udongo. Wengi wetu tunaishi katika nyumba hiyo. Nguzo zake zimeingia ardhini, na huko ardhini kuna mchwa na maji. Ikijengwa vizuri na kutunzwa, hukaa miaka mingi. Ikijengwa vibaya, masika machache huimaliza.

Mwenye nyumba ya matofali akiongeza kitu, kitu hicho kitakaa. Wewe mwenye nyumba ya miti ukiongeza kitu, jiulize kwanza: nyumba hii ikifa, kitu hiki kitakufa nayo, au nitakihamisha?

Tafadhali lisome swali hilo tena. Tutalirudia mara nyingi.

LIPU YA MAMA YANGU

Mimi mwenyewe sikujiuliza swali hilo. Nilipoanza kazi nilitaka kumfurahisha mama yangu. Nyumba yake ilikuwa Ulaya. Nasema Ulaya ya Kilosa, ile ya njia ya kwenda Mikumi, siyo ile ya ng'ambo. Nilinunua mifuko 9 ya saruji. Fundi akapiga lipu juu ya ukuta wa udongo, pande zote nne. Nyumba ikang'aa. Majirani wakaja kuitazama. Mama alifurahi, nami nilijiona mtu.

Masika ya kwanza, lipu ikapasuka. Masika ya pili ikaanza kudondoka vipande vikubwa, tena kila kipande kikaondoka na udongo wake. Mama akaniambia, "Mwanangu, ukuta umevua nguo." Sikuwa na jibu.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Udongo ukilowa huvimba. Ukikauka hunywea. Kila mwaka hufanya hivyo. Saruji ni ngumu, haiwezi kufuatana nao. Basi huachana, na ufa hutokea. Maji ya mvua huingia katika ufa, lakini hayatoki haraka, maana saruji imeyafungia ndani. Ukuta hukaa umelowa. Fito na nguzo huoza kwa ndani, na wewe huzioni. Lipu ile haikuulinda ukuta wa mama. Iliuua.

Tena kulikuwa na jambo lingine la aibu. Wakati ninapamba ukuta, paa la nyasi lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake.

Kwa hiyo usipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Kandika kwa udongo. Chukua udongo wa mfinyanzi, uchanganye na mchanga, nyasi zilizokatwa fupi na samadi ya ng'ombe. Uloweke na uukanyage vizuri. Lowesha ukuta kwanza, kisha paka safu nyembamba. Ikikauka na kupasuka, paka ya pili juu yake ili kuziba nyufa. Ukitaka nyumba ing'ae, paka chokaa juu yake. Kila mwaka masika yakiisha, ziba palipoharibika. Kazi hii inataka mikono na maji tu.

TAZAMA KIWANJA KABLA YA KUNUNUA MSUMARI

Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa habari za maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu walipoteza nyumba zao wakahamia katika mahema. Hata Reli ya Kati ilikatika. Januari 2014 maji yalirudi upande wa Dumila na Magole, na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika.

Maji ya namna hiyo yakija, ukuta wa udongo huyeyuka. Sakafu ya saruji hubaki pale pale bila nyumba. Bati, mlango na dirisha huanguka pamoja na nyumba, lakini maji yakipungua unaweza kuviokota na kuvitumia tena kama havikuchukuliwa na mto.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Simama ukingoni, uhesabu hatua ndefu mpaka mlangoni kwako. Kama hazifiki 60, usinunue saruji. Weka fedha yako, uende kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji kuulizia kiwanja cha juu. Na hata zikizidi 60, waulize wazee maji yalifika wapi mwaka ule. Maji hayasomi sheria.

Watu wa Mikumi wana jambo lingine. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya mji wao. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba nyingi za biashara zimesogea karibu, maana wasafiri wapo hapo. Mtu anaweza kuuza chai kando ya barabara miaka mingi bila kuguswa. Lakini siku alama ya X ikichorwa ukutani, lipu na vigae haviwezi kufungwa katika kanga vikabebwa.

Kuna pia wanaoishi katika nyumba zisizo zao: za kupanga, au za kambi za zamani za mashamba ya mkonge kama kule Kimamba. Wao wanunue vitu vya kuhama navyo tu. Kitanda, meza, chandarua, taa ya jua. Ukitia saruji katika nyumba ya mtu, umempa zawadi.

Kama kiwanja ni chako na ni cha kijiji, ulizia hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo hutolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Andikeni majina ya mume na mke.

WENZETU WA MBALI NAO WANAJIULIZA

Huko Marekani mamilioni ya watu wanaishi katika nyumba zilizotengenezwa kiwandani. Nyumba hukokotwa kwa lori mpaka kiwanjani, huku sakafu, kuta na paa vikiwa tayari. Tangu mwaka 1976 nyumba hizo hutengenezwa kwa kanuni moja ya nchi nzima. Lakini baadhi ya wenye nyumba hizo hawana ardhi. Wamepanga kiwanja. Kodi ya kiwanja ikipanda, inabidi waondoke, na kuihamisha nyumba ni gharama kubwa sana. Basi mwenye nyumba naye hukaa na mkewe jioni, wakiulizana: tutengeneze baraza, au tuzibe paa kwanza?

Ukifikiri kwamba matatizo ya nyumba ni ya kijiji chako peke yake, umekosea.

PIMA NGUZO

Sasa chukua panga. Zunguka nyumba yako. Kila penye nguzo, fukua udongo kidogo chini, kisha choma mti kwa ncha ya panga. Panga likigonga na kurudi, nguzo ni nzima. Likizama kama katika muhogo uliochemshwa, nguzo imekwisha, hata kama juu inaonekana nzuri.

Kama nguzo nyingi zimekwisha, usiitengeneze nyumba hiyo. Ishikilie kwa miti ya kuegemeza, na uanze kuandaa nyumba mpya. Fedha uliyo nayo nunua mabati. Mabati hungoja. Yaweke ndani, pakavu, yasimame juu ya mbao, yasiguse udongo. Saruji haingoji. Mfuko uliokaa miezi mitatu mahali penye unyevu huanza kuwa mawe. Nunua saruji wiki ile ile ya kazi.

Kama nguzo ni nzima, nyumba inastahili fedha. Lakini anza na kazi isiyotaka fedha. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, maji yaende mbali. Panga mawe na udongo chini ya ukuta, ushindilie, pawe na mteremko wa kutoa maji nje. Ukuta wa udongo huanza kufa miguuni. Matone ya paa huanguka chini, huruka, na kuula ukuta kidogo kidogo mpaka nguzo zinaonekana. Kazi hii ni ya siku mbili au tatu kwa watu wawili wenye jembe. Nashangaa sana kuona nyumba yenye televisheni ambayo haina mfereji.

BATI

Baada ya mfereji, paa. Hapa naweza kusema bila kusitasita: bati ndiyo fedha nzuri kuliko zote katika nyumba ya miti. Linaukinga ukuta. Halitaki nyasi mpya kila baada ya miaka michache. Tena nyumba ikifa, bati humfuata mwenyewe. Waulize wazee waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, walibeba nini na waliacha nini.

Bati lina faida nyingine. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba, hutoa lita moja ya maji. Tuseme paa lako lina mita za mraba 50. Mvua ya milimita 20 imenyesha usiku. Zidisha 50 kwa 20. Utapata lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mengine yatamwagika, lakini hata ukipata nusu yake, mama na watoto wamepumzika safari ngapi za mtoni? Weka mfereji wa bati na pipa.

Ukienda dukani utaulizwa geji. Geji ni unene wa bati. Hapa wengi hudanganyika, maana namba inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bati la geji 32 ni rahisi kwa bei, lakini hupinda kwa mkono, na likishang'olewa mara moja huharibika. Kwa mtu atakayehamisha bati lake, geji 30 ni afadhali, na 28 ni bora zaidi. Mabati ya rangi yenye mikunjo kama vigae yanapendeza. Lakini mvua ni ile ile. Kwa nyumba ya miti, nunua bati la kawaida lililo nene, na rangi uiache.

Mwambie fundi apige misumari juu ya mgongo wa bati, asipige bondeni ambako maji hupita. Na paa litoke nje ya ukuta angalau sentimita 60. Mafundi wengine hulifupisha ili mabati yatoshe. Usikubali. Ni afadhali uongeze mabati mawili kuliko kuupoteza ukuta. Na miti ya paa ifungwe kwa nguzo kwa waya imara, maana upepo hupenda paa jepesi.

MLANGO, DIRISHA NA MBU

Mlango mzuri wa mbao na fremu yake ni mali. Unang'oka na kuhama. Dirisha vile vile. Fungua madirisha ya kutosha. Chumba chenye giza na moshi hakiponi kwa rangi. Jiko liwe nje, au lipewe mahali pakubwa pa kutolea moshi.

Halafu tazama juu, pale ukuta unapokutana na paa. Mara nyingi kuna mwanya. Mbu wa malaria hupenda sana kuingilia hapo usiku. Watu hununua wavu wa dirisha wakasahau mwanya huo, nao mbu huwapita juu ya vichwa. Ziba mwanya kwa udongo, ukiacha sehemu za kupitisha hewa zenye wavu, hasa kama paa ni la bati, kwa sababu bati lina joto. Wavu kwa nyumba ndogo ni mita chache tu. Hauonekani na wageni, wala hakuna jirani atakayekuja kuutazama, lakini mimi ningeununua kabla ya kiti. Chandarua endelea kukitumia.

Wanaokaa jirani na Hifadhi ya Mikumi wasiweke magunia ya mahindi katika chumba cha kulala wakidhani ukuta utawalinda. Tembo akisikia harufu ya mahindi, ukuta wa miti au wa matofali mabichi kwake ni kitu kidogo. Fedha ya kuongeza unene wa ukuta kwa ajili ya tembo ni ya bure.

SAKAFU: HAPA SWALI LETU HALITOSHI

Sakafu ya saruji haihami. Kwa swali letu la mwanzo, jibu ni hapana. Lakini mimi siwezi kusema hapana haraka.

Katika nyufa za sakafu na kuta za udongo hukaa papasi. Usiku hutoka na kuuma watu waliolala chini, na huleta homa ya papasi. Funza nao hupenda vumbi la ndani. Mtoto anayetambaa hula kilicho chini. Nchini Meksiko, kuanzia mwaka 2000, Serikali ilisaidia familia maskini kuweka saruji juu ya sakafu za udongo. Watafiti walipowapima watoto, waliona wale wa sakafu za saruji wana minyoo kidogo, wanaharisha kidogo, na damu yao ni nzuri zaidi.

Basi kwa sakafu jiulize swali la pili: kitu hiki kinamkinga nani? Kama nguzo ni nzima, kiwanja ni kikavu na ni chako, na una watoto wadogo, weka sakafu. Si lazima nyumba nzima. Anza na chumba wanacholala watoto. Toa udongo laini, shindilia, panga mawe, shindilia tena. Kisha mwaga zege la saruji ndoo 1, mchanga ndoo 3, kokoto ndoo 6. Juu yake piga safu nyembamba ya saruji na mchanga, uilainishe. Imwagie maji kwa siku 7. Wasioshindilia huona nyufa mwaka ule ule, na papasi hurudi katika nyumba mpya.

Asiye na uwezo huo aiweke sakafu ya udongo bila nyufa. Aikandike mara kwa mara, na watoto walale kitandani, mbali na ukuta. Kitanda cha kamba kinahama.

Umeme nao usikutishe. Nyumba ya udongo inaweza kuunganishiwa. Kwa nyumba ndogo kuna kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho hakihitaji kutandaza nyaya vyumba vyote. Waulize TANESCO wa kwenu.

Rangi ya mafuta, dari ya jipsamu, vigae na nguzo za mapambo barazani, vyote hivyo viache vingoje nyumba ya matofali. Havihami wala havimkingi mtu. Najua kijana anayeoa anataka baraza lipendeze wakwe wakija. Basi akandike vizuri, apake chokaa, afagie. Wakwe wenye akili watatazama paa.

Kama mna kikundi cha kusoma, someni ukurasa huu pamoja, halafu nendeni na panga katika nyumba ya mwanakikundi mmoja. Pimeni nguzo zote na mwandike katika daftari: ngapi nzima, ngapi zimekwisha. Pimeni na hatua mpaka mtoni au barabarani. Mkimaliza nyumba hiyo, nendeni kwa mwingine.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya choo, na mahali pa kukichimba ili kisimwage uchafu katika kisima.